Noti Ninazijua

Balaa lote lilianzia kwenye neno "noti."

Ghorofa ya juu yangu, nilikopanga mtaa wa Mokotów jijini Warsaw, aliishi bibi mmoja mpiga piano, mwalimu mstaafu. Jengo zima lilimwita Pani Profesor, yaani Bibi Profesa. Huyo huwezi kumwita kwa jina lake, hata ukimkuta amebeba viazi. Siku moja tukapishana kwenye ngazi, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kama ninajua noti. Mimi nimekulia kwaya ya Kilutheri Moshi, besi, mstari wa nyuma. Nikajibu kifua mbele: "Noti ninazijua tangu utotoni!"

Na sikusema uongo. Noti zetu ni d, r, m, f, s, l, t, zimeandikwa ubaoni kwa chaki, au zimetolewa fotokopi ya fotokopi hadi mstari wa teno umefutika. Niamshe usiku wa manane, nakuimbia.

Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kumgeuzia kurasa. Jumamosi ya tarehe 11 Novemba 2017, sikukuu ya uhuru wa Poland, angepiga sonata ya violini na piano ya Paderewski, mtunzi wa Kipolandi, opus 13, yaani kazi yake namba 13. Wapiga piano wakiwa peke yao mara nyingi hupiga bila karatasi, lakini wakiwa na mwenzao huweka karatasi mbele, na mikono yote miwili ina kazi. "Vaa nguo nyeusi," akaniambia. "Nikiitikia kwa kichwa, geuza." Mazoezini sikwenda, nilikuwa na maabara.

Siku yenyewe, tukisubiri nyuma ya pazia, akanipa nasaba. Paderewski alifundishwa na Leschetizky, Leschetizky na Czerny, Czerny na Beethoven. Aliwataja kama mtu anayewataja babu zake. Halafu akaongeza kwamba Paderewski alipoingia konsavatori, chuo cha muziki, ya Warsaw mwaka 1872, mtoto wa miaka 12, walimu walimwona piano hana, wakamsukumia tromboni. Mtu huyohuyo akaja kujaza kumbi za Marekani, na mwaka 1919 akawa waziri mkuu wa Poland na kutia saini Mkataba wa Versailles. (Kwaya yetu imetoa diwani mmoja tu, tena wa viti maalumu.)

Tukatoka. Nikakaa kushoto kwake, nikaangalia karatasi, jasho likanitoka. Waya za umeme! Mistari mitano mitano, kunguru wametua kila mahali, wengine wameshika bendera. D iko wapi? M iko wapi? Nikajipa moyo: kichwa kipo, nitafuata kichwa.

Sasa, Pani Profesor alikuwa anapiga kwa mwili mzima. Violini ikipanda, kichwa kinaitikia. Ikishuka, kinaitikia. Nikageuza. Akanitupia jicho, mikono haijasimama. Nikarudisha. Kichwa tena! Nikageuza. Jicho. Nikarudisha. Kwa mtu wa safu ya mbele nilionekana kama ninapepea mkaa.

Nikaapa sigusi tena. Ndipo ukurasa ukaisha kweli.

Akaitikia. Mimi kimya. Akaitikia hadi hereni zikaruka. Nikasema moyoni, leo hunipati. Akanong'ona: "No."

Nikarudisha mkono mapajani.

"No, no!"

Nikaukalia kabisa.

"No! No! No!" Mtu amekataa mara tatu, wewe ni nani ubishane naye?

Mkono wake wa kushoto ukaacha besi, ukakwapua ukurasa. Zikaja kurasa tatu kwa mpigo, kitabu kikateleza, kikapiga sauti zake chenyewe juu ya vibao, kikaangukia kwenye pedali. Mpiga violini alikuwa amefumba macho, akaendelea na safari peke yake. Nikapiga magoti, nikaingia uvunguni, nikakipata, nikasimama kabla sijatoka. Piano haikutikisika. Kichwa changu ndicho kilichotoa sauti ambayo Paderewski hakuiandika.

Bibi yule alimalizia sehemu yote ile kwa kichwa chake mwenyewe, bila karatasi. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alinipigia mimi peke yangu.

Jumatatu nikamsimulia mwanafunzi mwenzangu, Mpolandi. Alicheka hadi akashika meza. Kumbe "no" katika Kipolandi cha mitaani ni "ndiyo," ni "haya basi." Wao wakikataa husema "nie."

Jioni nikapanda ngazi na pakiti ya kahawa ya nyumbani. Akanikaribisha, akaipika, tukanywa. Nilipoona uso umelainika, nikamuuliza kama siku nyingine atanihitaji.

"Nie," alisema, bila hata kutikisa kichwa.