Watoto wa miaka minane wasichujwe

Kila mwezi wa Aprili, huku kusini mwa jimbo la Ontario, Kanada, watoto ambao meno ya mbele bado yanaota huvalishwa vizibao vyenye namba na kuingizwa kwenye barafu wapimwe uwezo wao wa hoki. Juu jukwaani wamekaa watu wazima wenye kalamu na karatasi. Wanaandika kwamba namba 14 anateleza vizuri kinyumenyume, namba 31 anachelewa kugeuka. Baada ya siku chache orodha ya namba hutolewa kwenye tovuti ya klabu. Namba yako ikiwemo, wewe ni wa timu teule. Isipokuwemo, utatafutiwa pengine.

Nimeshashika kalamu hiyo, na nimeshakaa upande wa wazazi nikisubiri orodha. Msimamo wangu ni kwamba utaratibu huu unawaumiza watoto, na unaweza kuondolewa bila hoki ya Kanada kupungukiwa na kitu.

Kwa wasomaji walio mbali na barafu, mambo yamepangwa hivi. Juu kabisa kuna Hockey Canada, chombo cha taifa chenye makao yake Calgary. Chini yake kuna matawi 13 ya majimbo na kanda, na Ontario peke yake ina matawi matatu. Kubwa kati ya hayo matatu ni Ontario Hockey Federation, ambalo nalo limebeba vyombo vingine: Ontario Minor Hockey Association yenye miji mingi midogo na ya kati, Ontario Women's Hockey Association ya wasichana na wanawake iliyoanzishwa mwaka 1975, na Greater Toronto Hockey League iliyoanza mwaka 1911, ambayo hujitambulisha kuwa kubwa kuliko zote duniani katika hoki ya watoto na vijana. Ukishuka kutoka hapo unafika kwenye chama cha mji au mtaa, na huko ndiko mzazi anakokutana na hoki yenyewe. Chama hicho huendeshwa na watu wa kujitolea. Mwenyekiti mchana ni fundi umeme, mweka hazina ni mwalimu wa shule ya msingi. Makocha wengi ni baba na mama za watoto walewale, waliopita kwanza kwenye ukaguzi wa polisi na kozi za lazima. Na kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni kugawa saa za barafu. Kwa macho yangu huyo ndiye mwenye nguvu kuliko mwenyekiti.

Nguvu hiyo inatokana na uhaba. Kiwanja cha hoki kina urefu wa takribani mita 61 na upana wa mita 26, na barafu yake lazima ipoozwe usiku na mchana. Viwanja vingi ni vya manispaa na hukodishwa kwa saa. Mpira wa miguu mtoto anaweza kuucheza popote penye nafasi, hata uchochoroni, lakini hoki, nje ya zile wiki chache za baridi kali ambapo watu humwagia maji bustani zao yagande, haichezeki bila mtu kulipia saa. Kwa hiyo kila saa inayopewa timu moja imenyimwa timu nyingine.

Hapo ndipo watu wengi hawauoni uzito wa mchujo. Wanadhani kuingia timu teule ni suala la heshima na jezi. Suala ni saa. Ngazi zinaanzia ligi ya ndani ya chama, ambako kila aliyejisajili anacheza, kisha zinapanda kwenye timu teule za A, AA na AAA. Mtoto wa ligi ya ndani kwa kawaida hupata zoezi moja na mechi moja kwa wiki. Mwenzake wa AAA huingia barafuni mara tatu au nne, tena na makocha wenye mafunzo zaidi, na mara nyingi mzazi humwongezea mwalimu binafsi. Baada ya misimu miwili unawaweka hao wawili kwenye barafu moja na kusema, unaona, yule alikuwa na kipaji. Hapana. Yule alikuwa na saa. Mchujo umeitengeneza tofauti, halafu mwaka unaofuata unaihesabu kama ushahidi kwamba ulichagua sawasawa.

Na aliyechaguliwa mwanzoni alichaguliwa kwa nini? Twende kwenye tarehe za kuzaliwa. Watoto hupangwa kwa mwaka wa kalenda, kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31. Madaraja ya kawaida ni U7 (yaani chini ya miaka saba), U9, U11, U13, U15 na U18, na penye watoto wengi kila mwaka hupewa daraja lake. Chukua wawili waliozaliwa mwaka 2015, mmoja Januari, mwingine Desemba. Msimu wa 2024–25 wote walikuwa U10. Aprili 2024, siku ya mchujo, wa kwanza alikuwa na miaka tisa na miezi mitatu, wa pili miaka minane na miezi minne. Miezi kumi na moja kwa mtu wa miaka arobaini si kitu. Kwa mtoto ambaye ameishi miezi mia moja tu, ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maisha yake. Huyo wa Januari ana miguu mirefu zaidi, anasikiliza maelekezo hadi mwisho, halii anapoangushwa. Mwenye kalamu jukwaani anaandika: anajituma.

Jambo hili si geni. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake, wakiwa jimbo la Alberta, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno katika hoki ya vijana ya ngazi za juu, na waliozaliwa miezi ya mwisho walikuwa wachache mno. Inasemekana aliyeligundua kwanza ni mkewe, Paula, akisoma tarehe za kuzaliwa za wachezaji kwenye kijitabu cha mechi ya vijana pale Lethbridge. Imepita zaidi ya miaka arobaini na bado Januari mosi ndiyo mstari.

Utaambiwa kwamba wakali hupenya tu. Ni kweli, Mario Lemieux alizaliwa Oktoba na Sidney Crosby Agosti. Wayne Gretzky na Connor McDavid, kwa upande mwingine, wote ni wa Januari. Lakini mifano ya mashujaa haitusaidii sana, maana hatuwezi kutaja majina ya wale walioacha hoki wakiwa na miaka kumi. Kinachonigusa zaidi ni utafiti wa mwaka 2013, uliowafuatilia wachezaji wa Kanada waliochaguliwa kwa zamu na timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini. Uligundua kwamba waliozaliwa nusu ya pili ya mwaka, wakishafika huko, walifanya vizuri kuliko nafasi waliyochaguliwa ilivyotabiri. Maana yake hata wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wakiwatazama vijana wa miaka kumi na minane, waliwapunja. Sasa mzazi wa kujitolea atamsoma vipi mtoto wa miaka minane kwa dakika hamsini?

Nije kwenye ligi ya ndani, maana ndiko ninakojitolea na ndiko ninakopapenda. Katika madaraja ya wadogo, vyama vingi hutumia king'ora. Kila baada ya dakika mbili hivi kinalia, na popote kisahani kilipo (ndicho kinachopigwa kwenye barafu badala ya mpira), hata kama mtoto yuko peke yake mbele ya kipa, mchezo unasimama na walioko uwanjani wanatoka, wengine wanaingia. Kocha hana uchaguzi. Hawezi kumweka bingwa wake dakika za mwisho wala kumficha anayeteleza kwa magoti. Mzazi mgeni hukasirika akikisikia mara ya kwanza, kwa sababu mwanawe alikuwa karibu kufunga. Kufikia Desemba hakuna anayelalamika tena, kwa kuwa kila mtu ameona mtoto aliyekuwa akishikilia ukuta mwezi Oktoba sasa anakimbiza kisahani. Amejifunza kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kumkalisha.

Watoto wa umri huo huchezea sehemu tu ya kiwanja, hivyo mechi mbili zinaweza kuendelea kwa wakati mmoja. Wale wadogo kabisa hupewa kisahani cha buluu chenye gramu 113 badala ya kile cheusi cha gramu 170. Hockey Canada ililazimisha kiwanja kilichokatwa kwa watoto wa miaka mitano na sita kuanzia msimu wa 2017–18, na kulikuwa na kelele nyingi kutoka kwa wazazi waliotaka watoto wao wacheze hoki ya kweli. Leo ni utaratibu wa kawaida, na mtoto anakigusa kisahani mara nyingi kuliko zamani. Mwaka 2013 yalikuwa hayohayo. Bodi ya Hockey Canada iliamua kwamba watoto wa miaka 11 na 12 wasigongane tena kwa miili. Miaka mitatu kabla, utafiti uliolinganisha Alberta, walikoruhusiwa, na Quebec, walikokatazwa, ulikuwa umeonyesha kwamba hatari ya mtikisiko wa ubongo Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu. Wapo walioapa kwamba Kanada itazalisha wachezaji laini. Haikutokea. Kwa hiyo mtu akiniambia mchujo wa miaka minane haugusiki, namkumbusha kwamba makubwa kuliko huo yameguswa.

Watetezi wake wana methali mkononi: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto afundishwe mapema, hilo silipingi hata kidogo. Afundishwe mapema, tena na kocha mzuri, tena kwa saa nyingi kadiri zinavyopatikana. Ninachokataa ni kuwagawa samaki mafungu mawili asubuhi, moja likunjwe na jingine liachwe likauke.

Norway wana kanuni za taifa kuhusu michezo ya watoto: hakuna jedwali la ligi wala orodha ya matokeo kabla mtoto hajafikia mwaka anaotimiza miaka 11, wala mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13. Taifa hilo la watu wapatao milioni tano na nusu lilirudi kutoka Olimpiki ya Beijing ya 2022 na dhahabu 16, rekodi kwa wakati huo. Sehemu kubwa ilitoka kwenye theluji, na kwenye hoki Norway si wababe, kwa hiyo sidai kwamba kanuni hizo ndizo zilizoleta medali. Ninachosema ni kwamba nchi ilisubiri na haikupotea.

Halafu kuna jambo ambalo kila nikilifikiri naona ajabu. Ligi za watu wazima, zile za saa nne na saa tano za usiku ambapo madereva wa malori na wahasibu wanacheza baada ya kazi, zimepangwa kwa haki kuliko za watoto. Unajisajili, unawekwa daraja la uwezo wako, unalipa sawa na wenzako, unacheza sawa na wenzako. Ukikua unapanda, ukichoka unashuka, na hakuna anayekunyima barafu. Tumewapa wababa wa miaka arobaini na tano kile tulichowanyima watoto wao.

Na gharama. Msimu mmoja wa AAA humla mzazi maelfu ya dola ukijumlisha ada, mashindano ya safari, hoteli na vifaa vinavyobana kila mwaka mguu unapokua. Wazazi wetu wengi wanaotoka Afrika Mashariki hunipigia simu wakati wa usajili wakiuliza kama wajaribu mchujo. Nawaambia wamwandikishe mtoto ligi ya ndani, wanunue vifaa vilivyotumika (isipokuwa kofia, hiyo inunuliwe mpya), na wamwache acheze. Hoki si geni kwetu kama wengine wanavyodhani. Nairobi kuna kiwanja cha barafu katika hoteli ya Panari tangu 2005, kidogo kuliko vya kawaida, na timu ya Kenya Ice Lions iliyolelewa hapo imefungua njia hadi Kenya kukubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa mwaka 2024. Wanafundisha watoto pia, na aliye na skati anaingia.

Ninachopendekeza kiko wazi. Timu teule zisiundwe kabla ya U13. Hadi hapo, saa za barafu za chama zigawanywe sawa kwa kila mtoto aliyejisajili, makocha wenye mafunzo wazungushwe kwenye timu zote, na king'ora kiendelee kulia. Mchujo ukishaanza, karatasi ya mpimaji ionyeshe mwezi wa kuzaliwa kando ya namba, ili mwenye kalamu ajue anamlinganisha nani na nani.

Vyama vingi hufanya mkutano mkuu mwishoni mwa msimu, na katika vingi vyake mzazi wa mtoto aliyesajiliwa ni mwanachama mwenye kura. Mara nyingi ukumbi huwa na watu wachache mno, wengi wao wakiwa viongozi wenyewe. Azimio langu limeshaandikwa, na ninahitaji wa kuliunga mkono.