Naruto alibebwa, semeni mnavyotaka

Ukizuka tu ubishi wa anime, katuni za Kijapani, hakosekani mtu wa kutuambia Naruto, yule kijana ninja wa hadithi yenye jina lake, ni ushahidi kwamba juhudi hushinda kipaji. Ushahidi upi? Baba Hokage wa Nne, yaani mkuu wa kijiji, mama wa ukoo wenye nguvu wa Uzumaki, tumboni Kurama, mbweha wa mikia tisa, na ukingoni anaambiwa yeye ni Asura, mwana wa mhenga wa kale, aliyezaliwa upya. Kama huyo ni mlalahoi, mwenye nacho ni nani?

Kinachoudhi ni kwamba Masashi Kishimoto, mtunzi wake, anajua sana kuandika juhudi. Angalieni Naruto anavyojifunza Rasengan, pigo la tufe la nguvu linalozunguka kiganjani. Kwanza unapasua puto la maji kwa kuyazungusha maji ndani yake, si kwa kulifinya. Kisha mpira mgumu usio na maji, ambao mzunguko peke yake hauutishi, inatakiwa nguvu. Hatua ya tatu ndiyo mtihani: puto la hewa, na safari hii lisipasuke. Mzunguko uwepo, nguvu iwepo, na vyote vitulie ndani. Naruto anakwama. Hawezi kuizungusha chakra, ile nguvu ya ndani ya ninja, huku akiizuia isitawanyike, basi anaita nakala yake ya kivuli: yeye ananyoosha kiganja, nakala inafinyanga. Hayo ni maarifa ya mtu anayejua pa kwake palipopungua. Hata Rasenshuriken, pigo kali zaidi lililotokana na Rasengan, ilidai malipo: ilimpiga adui Kakuzu, ikauharibu na mkono wa mpigaji, Tsunade, Hokage wa wakati huo, akaipiga marufuku.

Halafu inakuja Vita ya Nne, vita kuu ya ninja. Hagoromo, yule mhenga baba yake Asura, anatokea, anagawa nguvu, kwisha. Hakuna puto wala mpira.

Haya, Kurama mwanzoni alikuwa mzigo, mtoto alitengwa na kijiji kizima kwa ajili yake. Hilo nawapa. Lakini Neji, ninja mwenzake, alisema mapema kwamba kuzaliwa ndiko kunakoamua, akachapwa na Naruto hadharani kwa kusema hivyo. Hadithi ikaja kumuua, kisha ikathibitisha maneno yake!

Wa kuibeba hoja yenu alikuwa Rock Lee, ninja mwingine kijana. Hana ninjutsu (mbinu za chakra), hana genjutsu (mazingaombwe). Mbele ya mpinzani wake Gaara akavua vyuma vizito vya miguuni, akafungua matano kati ya malango manane ya mwili yanayozuia nguvu, mwili ukachanika. Upasuaji wenyewe ulikuwa na uwezekano wa kufaulu wa asilimia 50, ukishindikana ni kifo. Akapona, akawekwa benchi. Mwalimu wake, Guy, alifungua lango la nane, akabakiza kidogo tu ammalize Madara, adui mkuu wa vita hiyo ya nne. Alipokuwa anageuka majivu, aliyemwokoa ni Naruto, kwa kumgusa tu, kwa nguvu za kupewa muda mfupi uliopita.