Kamba Mpya ya Uani

Hapa kwetu Bombo, Nyota ya Kaskazini inakaa nyuma ya mfenesi wa Hajjati jirani. Ikweta haiko mbali nasi, kwa hiyo nyota hiyo haipandi hata digrii mbili kutoka ardhini. Hata mfenesi ungekatwa, kuna choo, na nyuma ya choo kuna vumbi la barabara ya Gulu. Nayasema haya mapema kwa sababu kila maelezo ya kupiga picha za nyota niliyowahi kusoma yanaanza kwa kukuamuru uelekeze stendi ya darubini kwenye Nyota ya Kaskazini. Mimi nikielekeza, naona mafenesi.

Ugonjwa huu niliupatia Pakwach, tarehe 3 Novemba 2013, siku jua lilipopatwa. Nililala ndani ya basi, nikafika, nikasimama katikati ya umati na kamera yangu ndogo. Giza lilipoingia mchana kweupe lilidumu sekunde chache tu, na sekunde hizo zote mimi nilikuwa nimeinama nahangaika na kamera iliyokataa kuona kitu. Jua liliporudi, mtoto mmoja akanionyesha kwamba kifuniko cha lenzi kilikuwa bado mahali pake.

Miaka ikapita, kidonda hakikupona. Kisha shemeji yangu akarudi likizo kutoka Dubai na mzigo wa mtumba: darubini ya milimita 80, kamera yake, na stendi yenye mota inayoizungusha darubini polepole kuzifuata nyota. Stendi yenyewe ilitengenezwa ikiwafikiria watu wa Ulaya, ambako mhimili wake, ule unaoelekezwa kwenye Nyota ya Kaskazini, husimama umeinama kama mzee wa mkongojo. Kwetu lazima ulale chini kabisa kama mgonjwa wa malaria, na ule uzito wa kusawazisha ukizunguka unagonga mguu wa stendi. Hilo nililimaliza kwa kuzungusha miguu na kunung'unika kidogo. Suala la fenesi nalo lilimalizwa na programu ya bure iitwayo N.I.N.A., ambayo inapiga picha tatu za pembe tofauti za anga, inapima, halafu inakuambia sogeza kushoto, inua kidogo, bila kuiona Nyota ya Kaskazini kabisa.

Kompyuta ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilishuka Kampala na shilingi milioni moja na laki tano, fedha za mabati ya jikoni. Kijana wa dukani akaniuliza kompyuta ni ya kazi gani. Nikamjibu, ya nyota. Akanitazama kidogo, kisha akanionyesha sanduku kubwa la kioo lenye taa za rangi zote zinazozunguka ndani kama ukumbi wa arusi. "Mzee, hii inakimbiza mchezo wowote." Nikalipa. Sikujua kwamba kwenye darubini hakuna cha kukimbiza. Usiku kucha kompyuta inaiambia kamera: fungua, ngoja dakika mbili, funga, weka. Kazi hiyo mlinzi wa zamu anaiweza huku anasinzia. Nguvu inahitajika kesho yake, unapozikusanya picha mia moja kuzifanya moja, na kesho yake hakuna anayekuharakisha.

Ile arusi ya kioo nikaiweka chumbani, kwa kuwa nje mke wangu alikataa katakata isiibiwe. Kutoka kitandani hadi kwenye darubini ni hatua ishirini. Nikanunua waya wa USB, nikauunganisha na mwingine, na mwingine tena, nikautoa dirishani.

Waya wa USB ni kama mtoto uliyemtuma dukani: duka likiwa karibu analeta chumvi, likiwa mbali anarudi kukuuliza ulisema chumvi au sukari. Ule wa kawaida, USB 2, mpaka wake ni mita 5. Ule wa kasi, USB 3, ukipita kama mita 3 unaanza kubabaika. Wangu ulikuwa na mita 15. Kamera ikawa inaonekana, inapotea, inaonekana, na kila ilipopotea Windows ililia "du-dum", iliporudi ikalia "da-dim", kwa spika ambazo kijana wa duka alinipa za bure kwa moyo mweupe.

"Nenda kafungue mlango," mke wangu akasema usingizini.

"Si mlango. Ni kamera."

Du-dum. Da-dim. Mara ya saba akainuka mwenyewe na mwiko mkononi, akafungua mlango wa mbele, akaangaza huku na huku, akarudi, akanitazama jinsi anavyonitazama nikisahau kununua mafuta ya taa. Kilichotuokoa ni umeme kukatika. Arusi yote ikazimika katikati ya picha, tukalala.

Jaribio la pili lilikuwa laptopu kuukuu ya mtoto wa kaka yangu, niliyoiweka nje kwenye kigoda pembeni ya darubini. Waya mita moja, hakuna du-dum. Lakini ilikuwa Novemba, na msomaji yeyote wa Uganda ameshajua ninakokwenda. Nsenene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata taa, hawana simile. Nilifungua skrini saa mbili usiku; saa mbili na robo nilikuwa na nsenene kwenye herufi zote kuanzia Q hadi P. Watoto wakatoka na ndoo. Mke wangu, ambaye hajawahi kuipenda ala hii, alitoka na kitunguu kimeshakatwa. Nikajaribu kupunguza mwanga wa skrini, mwanangu mdogo akanishika mkono: "Baba usizime, bado wanakuja." Upande wa pili wa barabara jamaa mmoja alikuwa ameshasimamisha mabati na mapipa yake, akawasha taa kubwa ya kuwavutia na kufukiza nyasi mbichi. Anga ya mashariki, ambako Orion huchomoza mwezi huo, ikawa nyeupe kama maziwa. Picha sikupata. Nsenene walikuwa watamu, sitasema uongo.

Basi nikamtafuta fundi, kijana mwembamba anayetengeneza ruta na sola hapa mjini. Alisikiliza habari yangu yote bila kucheka, jambo ambalo linahitaji malezi mema. Akasema, "Mzee, wewe unaivuta darubini ije kwenye kompyuta. Ipeleke kompyuta kwenye darubini." Akaniuzia kikompyuta cha mtumba, kidogo kama kopo la kiwi cha viatu, hakina skrini wala kibodi. Tukakifunga kwa mpira wa baiskeli mgongoni mwa darubini, tukakivalisha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, dhidi ya umande. Kinatumia volti 12, hivyo kikanywa kwenye betri ileile ya sola inayolisha stendi na kamera; umeme ukikatika hakina habari. Nyaya za USB sasa zilikuwa fupi kama kamba za viatu. Picha, ambazo kila moja ina megabaiti hamsini hivi, zinabaki palepale kwenye kikompyuta. Kinachosafiri kuja ndani ni sura ya skrini tu, nami naitazama kwenye laptopu nikiwa kitandani.

Kwanza tulitumia waifai. Ilifanya kazi vizuri hadi kamera ilipoanza kutuma picha; hapo mawasiliano yakafa. Fundi akakuna kichwa siku mbili, kisha akagundua mchawi: waya wa USB 3 unapofanya kazi unatoa kelele ya redio kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4 ambayo waifai inatumia. Yaani kamera ilikuwa inaipigia waifai makelele sikioni. Masafa ya gigahezi 5 yangetufaa, lakini ukuta wetu ni wa matofali ya babu, yale mazito, hayapiti. "Tupitishe waya wa ruta," fundi akasema, "ule hauchoki hadi mita 100." Tukauvuta mita 30, kutoka kwenye msumari juu ya dirisha, ukateremka kwa mteremko mzuri hadi kwenye darubini. Kabla ya kuondoka akaniusia niufunge kwanza kwenye mguu wa stendi, ili ukivutwa uvute mguu, usivute darubini.

Nikasema nitaufunga kesho.

Katikati ya Januari, kiangazi, anga imefunguka. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Arua, na kwa heshima yake nilijitahidi kuonekana mtu mwenye akili timamu. Saa mbili na nusu usiku nikaanza kupiga Nebula ya Orion, lile wingu la gesi na vumbi ambamo nyota mpya zinazaliwa. Picha ya kwanza: nyota kama punje za mchele. Ya pili hivyohivyo. Nikajilaza, blanketi hadi kidevuni, chai pembeni. Kwa mara ya kwanza tangu Pakwach nilijiona mwanasayansi.

Saa tatu hivi mambo yakaharibika. Programu inayosahihisha mwendo wa stendi inaitwa PHD2, na herufi hizo asili yake ni maneno ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili ni Bonyeza Hapa Wewe Mjinga. Nimeambiwa hivyo na sikukasirika. Mchoro wake, ambao dakika moja nyuma ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi, ukawa meno ya msumeno. Nyota zikawa minyoo. Nikapunguza hiki, nikaongeza kile. Nikamlaumu shemeji, nikailaumu Dubai yote. Picha zikaendelea kuja, minyoo juu ya minyoo. Kisha skrini ikawa nyeusi tii.

Nikampigia fundi. Ilikuwa inakaribia saa tano.

"Inasema haioni nyota hata moja."

"Mzee, pengine ni mawingu. Toka nje utazame."

"Hakuna mawingu, anga ni safi."

"Umetazama?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimejenga mtambo mzuri kiasi kwamba tangu magharibi sikuwa nimeinua macho juu hata mara moja.

Nikatoka bila tochi, maana mwanga unaharibu picha. Anga ilikuwa imejaa nyota hadi pembeni. Chini yake, mahali nilipoacha darubini, amesimama mtu mweupe. Hana kichwa. Tumboni mwake mnawaka taa ndogo nyekundu, na anavuma, mmmm, kama mtu anayesoma uradi. Nikasoma niliyoyajua. Nilipofika katikati ya Ayatul Kursi, yule mtu akainua mkono mmoja, akauinua zaidi, akaanza kunigeukia.

Sasa najua kilichotokea. Orion ilikuwa imevuka katikati ya anga, na stendi za aina hii zikifika hapo lazima zigeuke upande wa pili, darubini isije ikajigonga miguuni. N.I.N.A. inafanya kazi hiyo yenyewe, saa yake ikifika. Nilikuwa nimeipangilia mwenyewe. Lakini wakati ule sikuyakumbuka hayo. Nilipiga ukelele ambao Hajjati anauigiza hadi leo kwenye vikao vya akina mama.

Mbwa wakajibu. Taa zikawaka. Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka mama mkwe na mchi begani, kanga mbili, tayari kwa lolote. Akatazama mzimu, akatazama mkwewe aliyekaa chini kwenye majani, akaweka mchi ukutani.

"Kumbe limefika huku," akasema, akalivuta blanketi.

Mjukuu alikuwa amekojoa kitandani saa tatu. Yeye, mtu wa usafi, alilifua blanketi palepale, akatoka gizani, akapapasa, akakuta kamba mpya imevutwa vizuri kutoka dirishani. Akalianika. Kila upepo ulipovuma blanketi lilipepea na kuitikisa darubini, na kila lilipopepea liliteleza kidogo kufuata mteremko, mpaka likafika mwisho wa waya na kumvalisha kikompyuta shuka lake. Alipolivuta, waya ulikuja nalo. Kile kichwa cha plastiki kikakatika ulimi, darubini ikainama kuanguka, naye akaidaka kwa mkono mmoja, kama anavyodaka watoto.

Ningemwambia nini? Kwa mama mkwe mtu hakemei. Nikamshukuru kwa kulifua.

Picha zilisalimika zote kwa kuwa zilikuwa kwenye kikompyuta: 62, na kati ya hizo 14 za kabla ya kianiko zilikuwa safi. Nilizikusanya mchana wa pili kwenye lile sanduku la arusi, ambalo hatimaye lilipata kazi inayolifaa, na wingu likatokea, jekundu katikati, mabawa pande mbili. Sikuwahi kupiga kitu kama kile. Nikamwita mama mkwe aje kuona.

Akasogea, akavaa miwani, akalitazama kwa muda mrefu. Mimi nasubiri.

"Doa hili," akasema, akiligusa kwenye kioo kwa kidole, "ungeliloweka usiku kucha lingetoka. Na ile kamba yako uipandishe, mwanangu. Blanketi liligusa chini."