Kitambaa chini ya kanga

Kamba ya nguo uani, kanga imetandazwa, na chini yake, pasipofika jua, kumefichwa kitambaa cha hedhi. Wakati wa masika hakikauki kutwa nzima. Mwenyewe hukivaa kibichibichi, na siku mbili baadaye anawashwa. Mabishano ya kuisema hedhi au kuinyamazia yaanzie hapo, maana ua wenyewe ni sitara tosha, hapiti mgeni. Anayefichwa ni baba na kaka wa humo humo ndani.

Wanaotetea ukimya wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Wazee wetu hawakuinyamazia hedhi, waliipangia mahali pake. Mwari akivunja ungo alipewa somo, mwanamke mtu mzima, amfundishe kukunja kitambaa, kujisafisha na kujitwahirisha. Chuoni nako, kwa mwalimu wa Kurani, fiqhi ya madhehebu ya Shafi, yaani sheria za ibada, husomwa kwa sauti: hedhi haipungui siku moja na usiku wake, aghlabu ni siku sita au saba, na haizidi 15. Anayesema dini imetuziba midomo hakukaa chuoni. Basi, wanauliza, kuna haja gani ya kipaza sauti skuli, wasichana wakipewa pedi mbele ya wavulana watakaowacheka njia nzima? Kwa hili wako sawa.

Lakini mpango huo wa wazee umetoboka. Somo siku hizi huletwa zaidi karibu na harusi, miaka mingi baada ya damu ya kwanza, na mafunzo yake yanaelemea kwa mume. Chuo nacho kinafundisha hesabu ya ibada. Daktari ana hesabu nyengine: damu ikipita siku saba, au ikilowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au ikitoka mabonge makubwa, nenda hospitali. Hesabu hizi hazigombani, ila aliyepata ya kwanza peke yake anaweza kutoka damu siku 12 kila mwezi akijiona mzima, huku anaishiwa damu, kizunguzungu kikidhaniwa uvivu. Na chai ya rangi anayoinywa na chakula inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Bora ainywe saa moja hivi baada ya kula, na mchicha aukamulie ndimu.

Ramadhani ndipo ukimya unapodai hata kisichodaiwa na dini. Mwenye hedhi hafungi, atalipa kadha, yaani atazifunga siku hizo baadaye. Hata hivyo wapo wanaoshinda na njaa na kiu ili kaka asijue. Tumbo likikaza, wanameza ibuprofen kavukavu, nayo ni dawa ya kunywewa na chakula. Tumbo tupu huchomeka, na mwenye vidonda vya tumbo asiiguse kabisa. Kutokula hadharani ni adabu nzuri. Bakuli la uji jikoni halimvunjii mtu heshima.

Turudi kwenye kitambaa. Kiloweke kwanza kwenye maji baridi. Ya moto hugandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Ardhi yetu huku visiwani sehemu nyingi ni ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vingi ni magumu na sabuni haitoi povu, kwa hiyo watu huongeza sabuni. Suuza mpaka utelezi uishe, kwani sabuni iliyobaki nayo huwasha. Kisha juani, wazi, mpaka kikauke kabisa.

Wanaotumia pedi shida yao ni pesa, na pesa ya nyumba nyingi iko mkononi mwa baba. Tanzania Bara walijaribu njia ya kodi: VAT ya taulo za kike iliondolewa 2018, ikarejeshwa 2019 kwa kuwa bei haikushuka madukani. Hesabu ya nyumbani ni nyepesi zaidi. Pedi hubadilishwa kila saa nne hadi sita; tuseme nne kwa siku, kwa siku tano, ni 20. Pakiti ya vipande 8 haifiki hata nusu. Baba anayetoa pesa ya pakiti moja si bahili, hajaambiwa tu, na binti anaivaa moja asubuhi hadi magharibi. Hapa hapahitajiki mkutano wala bango. Mama aseme, wakati wa kuandika vitu vya dukani, baada ya mchele na sukari: pakiti tatu.