Pata Chai

Mama mmoja mwenye hoteli kule Kondele, Kisumu, alinipa kazi ya bango la turubai, mita 3 kwa 1. "Mwanangu, nataka lisomeke hata na mtu aliye ndani ya matatu inayokimbia." Maneno alikuja nayo nyuma ya risiti ya unga: Pata chai, hapa na chakula, kila siku.

Wiki hiyo nilikuwa nimepakua fonti mpya na mikono ilikuwa ikiniwasha. Herufi kubwa tupu, nene, zimebanana kama abiria wa jioni, kona zote zimekatwa kwa panga. Ukoo wake ni ule wa Impact, aliyoichora Geoffrey Lee ikatoka Uingereza mwaka 1965, ila Impact angalau ina mabega ya mviringo. Hii yangu haikuwa na mviringo hata kwenye O.

Fonti za aina hii huundwa kwa neno moja au mawili ya kupiga kelele, basi. Nafasi ya kati ya maneno yenyewe ni uzi. Mimi sikutosheka. Nikazisogeza herufi zikakaribia kugusana, nikazikuza, mistari mitatu ikajaa turubai hadi ukingoni. Pale kwenye skrini, pua ikikaribia kioo, niliona sanaa.

Siku ya tatu simu ikalia. "Wewe mtoto, njoo. Njoo sasa hivi."

Nikapanda boda. Nilipofika ng'ambo ya barabara nikainua macho:

PATA CHAI
HAPANA CHAKULA
KILA SIKU

Na sisi tumekulia kwenye kuta zilizoandikwa HAPANA KOJOA HAPA, kwa hiyo hakuna aliyesimama kujiuliza. Ndani, sufuria ya samaki ilikuwa imejaa, na kila meza ina kikombe cha chai peke yake.

"Siku tatu nauza chai," Mama akasema taratibu, na utaratibu huo ndio ulionitisha. "Jana kijana wa boda amenipa pole. Ananiambia, 'Mama, vumilia tu, biashara itarudi.'"

Kuchapisha upya kungetoka mfukoni mwangu, na mfuko ulikuwa HAPANA PESA. Nikaomba ngazi na rangi nyeusi iliyobaki ya mlango, nikapiga mstari mmoja wima kwenye ule ufa kati ya HAPA na NA. Mnene, uonekane. Nikashuka nikijipongeza.

Nilichosahau ni kwamba katika fonti ile, I ni nguzo tu, haina kichwa wala miguu.

HAPAINA CHAKULA.

Kabla sijarudisha ngazi, mzee mmoja aliingia, akavua kofia, akaketi. "Mama, hiyo hapaina ni ya leo?"

Mama akanitazama mimi, kisha akaitazama sufuria.

"Ni ya leo, mzee. Nikuwekee na ugali au na wali?"