Mgeni, mawe na anayemtembeza: la kujifunza kutoka kreta ya Ries

Kila linapotajwa wazo la kuwatembeza wageni maweni hapa Zanzibar, kwenye uwanda wa kusini na mashariki ya Unguja na mapango yake, jibu huja haraka: mgeni hakupanda ndege kuja kutazama mawe. Kaja kwa bahari, kwa shamba la viungo, kwa Mji Mkongwe. Wanaosema hivi wamo kwenye biashara hii siku zote na wanajua kinachonunulika. Hata hivyo naona hoja ya upande wa pili haijapewa nafasi yake, na mahali pazuri pa kuipimia ni mbali kidogo na kwetu, kusini mwa Ujerumani, katika nchi iliyochimbwa na kimondo.

Nchi hiyo inaitwa Ries. Kiasi cha miaka milioni 15 iliyopita kimondo chenye upana wa kilomita moja hivi kilianguka pale na kuacha kreta yenye upana wa karibu kilomita 25. Shimo likawa ziwa, ziwa likajaa udongo, na leo ni mashamba, vijiji na mji mkongwe wa Nördlingen wenye ukuta wa mviringo. Hapa ndipo penye jambo ambalo ningetaka mwenye kampuni ya utalii alifikirie kwa utulivu. Mtu akisimama katikati ya Ries haoni shimo. Anaona nchi tambarare na vilima vya mbali vimemzunguka, basi. Watu walilima humo karne na karne, wakachimba jiwe la kijivu, wakajengea kanisa la Mtakatifu George na mnara wake wa mita 90, na wataalamu waliokuja baadaye wakasema jiwe hilo ni la volkano. Mpaka mwaka 1960 ndipo Eugene Shoemaker na Edward Chao wa Marekani walipokuta ndani yake koesaiti, madini ambayo hutokea jiwe la kawaida linapobanwa kwa nguvu kubwa mno, nguvu ambayo volkano haina. Ikajulikana kwamba jiwe lile, linaloitwa suevaiti, lilizaliwa dakika ile kimondo kilipopiga. Miaka kumi baadaye, Agosti 1970, wanaanga wa Apollo, akiwemo Alan Shepard na Edgar Mitchell, walipelekwa Ries kufundishwa kuyatambua mawe ya aina hiyo kabla ya safari ya mwezini.

Sasa, mgeni anayekwenda Ries leo ananunua nini? Shimo halionekani. Kuna makumbusho ya kreta pale Nördlingen, yaliyofunguliwa mwaka 1990, na humo mna jiwe la mwezini lililotolewa na Marekani. Lakini nje, kwenye machimbo ya zamani kama Otting na Aumühle, kuna ukuta wa mawe na njia ya miguu. Anayeufanya ukuta ule uwe kitu ni mtembeza wageni, mkaazi wa palepale aliyefunzwa, anayeweka kidole mahali tabaka moja linapokutana na jingine na kusema: chini hapa ni mawe yaliyorushwa na kuvurugwa, juu yake ni suevaiti iliyoanguka baadaye ikiwa bado ya moto. Akiondoka yeye, imebaki changarawe. Mwaka 2022 UNESCO iliitambua Ries kuwa jiopaki ya dunia, yaani eneo linalotunzwa na kutembelewa kwa ajili ya miamba yake, na kila nikifikiri kilichotambuliwa pale naona jitihada ya watu kuisoma nchi yao na kuwasomea wengine.

Kwetu Tanzania tunacho kimondo chetu, kile cha Mbozi mkoani Songwe, karibu chote chuma, cha zaidi ya tani kumi. Ngorongoro ni kreta kubwa, lakini ya volkano. Zanzibar haikupigwa na kimondo chochote kinachojulikana, na hapa wapinzani husema: wenzetu wana kisa cha moto kutoka mbinguni, sisi tuna matumbawe makavu. Nakubali kwamba kisa cha kimondo kina mvuto wake. Ila mvuto huo haukuonekana kwa macho kwa mamilioni ya miaka, mpaka alipopatikana wa kuusema.

Na sisi tunacho cha kusema. Jiwe la uwanda, lile linalokata viatu, ni mwamba wa matumbawe uliokua baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita, wakati bahari iko juu kuliko leo. Ukitazama kwa karibu jiwe lililovunjwa juzi, kabla halijapigwa weusi na mvua, utaona mistari ya tumbawe ikiwa imekaa vilevile ilivyokua, na pembeni kombe nzima imeganda mdomo wazi. Mtembeza mwenye akili atakwaruza jiwe kwa kisu, akamulie ndimu pale penye unga, na mgeni ataona povu dogo likichemka. Hapo hapo ameelewa kwa nini mvua inatoboa mapango, kwa nini maji ya visima vya pwani ya mashariki yanaingia chumvi yakivutwa kupita kiasi, na wazee walipata wapi chokaa ya kujengea Mji Mkongwe. Somo lote hilo kwa ndimu moja.

Halafu kuna Kuumbi. Pango hili lililo karibu na Jambiani limechimbwa na wanaakiolojia, na matabaka yake yanarudi nyuma kiasi cha miaka elfu 20. Katika mifupa iliyopatikana mna ya punda milia na nyati. Punda milia, Unguja! Hakuvuka kwa ngalawa. Wakati ule maji mengi ya dunia yalikuwa yamefungwa kwenye barafu na bahari ilikuwa chini zaidi ya mita mia moja kuliko sasa, na mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka bara mpaka Jambiani.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote na ndilo lisilosemwa kwenye basi la watalii. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa makumi ya mita tu. Mkondo kati ya Pemba na bara unafika mamia ya mita. Tofauti hiyo ya kina, ambayo hakuna anayeiona akiwa juu ya boti, imeamua karibu kila kiumbe unachokikuta visiwani. Bahari iliposhuka, Unguja ikawa sehemu ya bara, na wanyama wakaingia: chui, kima, paa. Ilipopanda tena wakanaswa, na wengine wakabadilika mpaka wakawa wa kwetu peke yetu, kama kima punju wa Jozani. Pemba haikuungana. Ilibaki kisiwa hata bahari ilipokuwa chini kabisa. Ndiyo maana Pemba haikuwa na chui, lakini ina popo wake mkubwa asiyepatikana kwingine duniani, na ndege wake wanne vilevile, akiwemo bundi mdogo wa msitu wa Ngezi. Mgeni anayepelekwa Jozani kupiga picha za kima kwa nusu saa, kisha akarudishwa hotelini bila kuambiwa neno la mkondo, amepewa picha akanyimwa kisa. Na mwenyeji aliyempeleka, mara nyingi, naye hakuwahi kuambiwa.

Turudi kwa wapinzani, maana wana hoja nzito kuliko ile ya soko.

Ya kwanza ni mizimu. Mapango mengi ya Unguja na Pemba ni mahali pa watu. Kuumbi penyewe ni mahali wanakijiji huenda na haja zao, ukaingia ukakuta vitambaa na vyetezo. Kuna wazee wasiotaka kuona viatu vya wageni humo, na kuna masheikh wasiotaka kuona desturi hiyo ikipewa heshima mbele ya wageni. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa. Hapa mfano wa Ujerumani hautusaidii, ila Ghana inatusaidia. Ziwa Bosumtwi limo ndani ya kreta ya kimondo yenye umri wa miaka milioni moja na kidogo, na kwa Waashanti ni ziwa takatifu. Kwa mila, vyombo vya kawaida haviingii majini, na wavuvi hukaa juu ya ubao wakapiga maji kwa mikono. Mwaka 2016 Bosumtwi liliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya hifadhi za binadamu na viumbe, mwaka uleule ilipoingizwa Jozani na Ghuba ya Chwaka yetu. Huko mgeni huambiwa habari za kimondo na habari za mila kwa pamoja, na wa kumwambia ni mtu wa kijiji. Ndiyo maana mtembeza wa kwenye pango la Jambiani anafaa awe mtu wa Jambiani, anayejua wapi hapapitwi na siku gani hapaingiliwi. Mgeni anayejipeleka na ramani ya simu hajui lolote kati ya hayo.

Hoja ya pili inaniumiza zaidi kwa sababu ni ya kweli: uongo. Tuna watembeza hodari na tuna wanaotunga. Chukua Mangapwani. Kuna pango la asili, na mbali nalo kidogo kuna chumba kilichochimbwa cha kuficha watumwa baada ya biashara yao kupigwa marufuku mwaka 1873. Ni vitu viwili vyenye umri tofauti kabisa, kimoja cha maji na chokaa, kimoja cha mikono ya watu. Mgeni asiyeelezwa vizuri huondoka akidhani ni kimoja. Ukiwaachia watu wa namna hiyo miaka laki moja ya matumbawe, wanasema wapinzani, watafanya nini? Watasema punda milia waliogelea.

Nakubaliana na hofu hiyo, na bado siikubali natija yake. Uongo wa Mangapwani umekua kwa sababu anayesema hakufunzwa na anayesikiliza hana pa kuhakikishia. Dawa yake ni mafunzo, pamoja na bango fupi lenye maelezo sahihi kwa Kiswahili na lugha nyingine, ili hata asiye na mtembeza asome, na mwenye mtembeza amkosoe. Machimbo ya Ries yana vibao na njia zilizo wazi kwa kila mtu, na bado watu wanalipa watembezwe, kwa kuwa kibao hakijibu swali.

Hoja ya tatu ni machimbo yenyewe. Maweni ndiko yanakotoka mawe ya kujengea na kokoto, na kuna akina mama wengi wanaokula kwa kuvunja kokoto. Kuwaambia waache kwa ajili ya kombe iliyoganda ni kuwakosea. Lakini hapa tunapigana na kitu kisichokuwepo. Ries imejaa machimbo, na ni machimbo yaliyowaonesha wataalamu ukuta wa matabaka. Shimo lililokwisha kazi linaweza kusafishwa upande mmoja, likapewa ngazi na kivuli, likatembelewa. Lile lenye kazi liendelee na kazi.

Imebaki ile ya soko, na sina haja ya kuizungusha. Wageni walioingia Zanzibar mwaka 2024 walizidi 700,000, na utalii unatajwa kuchangia karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar. Hakuna anayedai kwamba hao wote watake mawe. Swali ni wangapi wanatosha. Safari ya boti kwenda kuwaona pomboo Kizimkazi ikijaa, inawakera pomboo. Matembezi ya maweni yakiwa na watu wanane yameshajaa, na watu wanane wa asubuhi moja ni ujira wa mtu mmoja wa kijiji, maji ya madafu yaliyonunuliwa njiani, na chakula cha mchana kwa mama mmoja wa hapohapo. Anayeishi kwenye hoteli ya kila kitu ndani hupita vijiji hivi kwa gari na senti yake haishuki. Matembezi ya miguu yanamshusha, na humweka kijijini saa tatu, na saa hizo ndizo zinazowapita watu wa shehia kila siku. Hili ndilo ningependa wenye makampuni walipigie hesabu kabla ya kusema mawe hayauziki.

Jua ni kali, ni kweli. Uwanda hauna kivuli na saa sita hapatembeki. Mgeni aanze saa kumi na mbili asubuhi, amalize saa tatu.

Kinachokosekana ni kidogo na kinajulikana. SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ina chuo cha utalii pale Maruhubi na ina walimu wa sayansi. Kozi ya wiki chache kuhusu mwamba, maji, mikondo na mapango, kwa vijana wa Jambiani, Makunduchi, Kiwengwa na Makangale ya Pemba, isiyodai cheti cha kidato cha sita, na mtihani wake ufanyiwe pangoni kwa Kiswahili, mzee wa kijiji akiwa mmoja wa wasahihishaji. Kiingereza na Kitaliano wengi wao wanavyo tayari, wamejifunza pwani.