Nilipata B ya fizikia halafu nikanunua tanki kubwa

Form four fizikia nilipata B. Cheti kipo, na mama yangu wakati ule alizunguka nacho nyumba kwa nyumba huku Sahare, Tanga, kama kadi ya harusi. Sasa huyo huyo mwenye B, mwaka juzi alikuwa anaoga kwa kopo ndani ya bafu lenye shawa, maana shawa ilikuwa haina kazi, asubuhi tanki likiwa limejaa unapata kauzi kembamba, ikifika jioni ni tone, unasubiri, tone, sabuni inakukaukia mgongoni. Mama Zahra akaanza kuanikia taulo juu yake. Nikamwambia usijali, tatizo presha, hili tanki la lita 500 ni dogo, naleta la lita 2,000.

Nikaenda Ngamiani nikalipa, guta likaleta, watoto wa mtaa wakashangilia, tukaliweka palepale kwenye kijukwaa cha tofali kinachonifika kiunoni. Likajaa, nikaingia bafuni na taulo begani kama bwana harusi. Kauzi kembamba.

Nikamwita fundi bomba, kijana tu aliyeishia la saba. Hata mkoba hajafungua, kaangalia tanki, kaangalia dirisha la bafu, akasema, "Bosi, hapa umeongeza maji, presha iko vilevile. Yanatakiwa yatoke juu."

Aisee niliona aibu, kwa sababu pale pale kichwani ikaja ile nyimbo ya form two ya kutafuta presha ya maji, ro ji echi, ro ji echi, tulikuwa tunaiimba darasani kama kasida. Densiti mara mvutano wa dunia mara kimo. Lita ziko wapi humo? Hazipo! Miaka yote nimeikariri, mtihani nimeijibu, na sijawahi kujiuliza kwamba ile echi ni urefu wa kutoka usawa wa maji mpaka kichwa cha shawa yangu. Kila mita moja ya maji inakupa kama paskali 10,000, paskali ndiyo kipimo cha presha. Tanki langu likijaa maji yalikuwa kwenye mita 2 na nusu kutoka chini, shawa ipo mita 2, kwa hiyo nilikuwa nanufaika na nusu mita tu, paskali 5,000, na maji yakishuka usawa wa shawa basi, hata zibaki lita elfu moja humo ndani hazipandi. Na hili si jambo jipya, Simon Stevin alishaliandika kule Uholanzi mwaka 1586, kwamba maji yanasukuma kwa kimo chake, upana wa chombo hauhusiki. Miaka mia nne na zaidi, mimi nikalipia guta.

Na dalili nilikuwa nazo tangu utotoni, ndiyo inaniuma. Sisi tumekulia baharini, ukipiga mbizi mita mbili tatu masikio yanabana, na yanabana vilevile ukizama kwenye bwawa la kuogelea la hoteli, bahari nzima ya Hindi haikuongezei kitu zaidi ya chumvi. Hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza masikio yanauma kwa nini. Tuliulizwa silinda yenye kimiminika, tafuta P.

Hapo ndipo nina ugomvi. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, na neno la vitabuni ni kanieneo, yaani neno lenyewe limeshakupa jibu, kani juu ya eneo, mtoto halikariri, analisikia tu. Ukiingia form one linafutwa, unaanza "presha ikwolzi fosi ova eria" na hujui eria ni mdudu gani. Sisemi Kiingereza kitolewe, mimi mwenyewe kimenipa mkate, ila mwalimu angepoteza dakika tano kutupeleka nje kwenye tanki la shule. Lilikuwepo, tulikuwa tunakaa kwenye kivuli chake tukila mihogo!

Turudi kwenye tanki. Tukakubaliana tujenge mnara. Lita 2,000 ni kilo 2,000, tani mbili, na kila kilo inakandamiza kwa kani ya kama nyutoni 10, kwa hiyo nyutoni 20,000 zinakaa kwenye nguzo nne, kila mguu elfu tano, hapo hujahesabu uzito wa mnara wenyewe. Na huku kwetu ardhi ni mchanga. Nguzo ya sentimita 10 kwa 10 ukiisimamisha hivihivi inauchoma mchanga kwa paskali 500,000, utaamka asubuhi tanki limeinama kama linarukuu. Fundi akamwaga kitako cha zege nusu mita kwa nusu mita chini ya kila nguzo, ikashuka mpaka paskali 20,000. Mzigo uleule, tumeupa tu pa kukalia. Hii ndiyo ile eria niliyokuwa siijui.

Lakini msije mkaniambia basi shule haina maana, mafundi wanajua kila kitu, maana fundi wangu naye kakosea. Kang'ang'ania bomba la nusu inchi kutoka mnarani mpaka bafuni, eti jembamba ndiyo yanakuja kwa nguvu, kama ukiziba mpira wa kumwagilia kwa kidole. Kidole kinaziba mwishoni tu, bomba jembamba la mita 12 linayasugua maji njia nzima. Nikabisha, akakataa, tukaweka lake, yakaja nusunusu. Wiki iliyofuata tukang'oa tukaweka robo tatu, na safari hii nilikuwa nimesimama mimi kama injinia. Hiyo B ilifanya kazi mara moja.

Sasa naona hesabu hii kila mahali. Mama anapimwa presha, anaambiwa 120 kwa 80, nikauliza 120 ya nini, kumbe ni milimita za zebaki, kimo tena! Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, maana yake moyo wa bibi huyu ukipiga unasukuma kama tanki lililoinuliwa mita 1.6 hivi. Shawa yangu ya zamani ilikuwa inashindwa na mama yangu mara tatu. Na yule samaki wetu wa Tanga, silikanti, wavuvi wanamtoa kwenye jarife huko kina cha mita mia na zaidi ambako kumebana mara 11 ya hewa tunayovuta hapa, yeye hapondeki, kile kibofu chake kimejaa mafuta badala ya hewa. Swali zuri kiasi hicho liko hapo baharini na sijaliona kwenye mtihani wowote.

Juzi Zahra, yuko form two, kaja na daftari, ro ji echi, anaimba kama nilivyoimba. Nikampa futi nikamwambia panda ngazi ukapime. Karudi anahema, "Baba, mita tatu na robo mpaka shawa." Tukazidisha. Halafu akauliza mbona bomba la jikoni linarusha maji zaidi ya shawa na tanki ni lilelile. Nikamrudishia futi.